Natoa kitabu cha marehemu baba: Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Nani anakipokea?

Bint Ngamiani (mwanzisha uzi)
3 Februari

Habari za jioni wanajukwaa.

Nina kitabu nilichokaa nacho tangu 2009, na sasa nataka kiondoke mikononi mwangu nikiwa hai na akili zangu timamu. Sikiuzi wala sikiazimishi. Nakitoa.

Ni *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* cha Shaaban Robert, nakala ya zamani ya wachapaji Nelson ya mwaka 1966. Jalada limechanika pembeni, na mgongo nimeubandika plasta ya hospitali kwa sababu mimi ni muuguzi na plasta ndiyo niliyokuwa nayo karibu. Karatasi mbili hazipo. Nitaeleza zilikokwenda.

Baba yangu alikuwa karani wa reli hapa Tanga. Hakuwa na vitu vingi, ila vitabu alikuwa navyo, maboksi manne chini ya kitanda. Alipofariki, baada ya arobaini ndugu zangu walisafisha chumba. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Niliporudi asubuhi chumba kilikuwa kimefagiliwa na maboksi hayapo. Nikaambiwa yamepelekwa kwa wauza karanga, yakapimwa kwa kilo kama magazeti. Sikuwalaumu siku ile na siwalaumu leo. Wao waliona karatasi kuukuu zinaliwa na mchwa.

Jioni hiyo nilitembea Ngamiani nzima, kuanzia Barabara ya 12 kushuka mpaka ya 6, meza moja hadi nyingine. Meza mbili za kwanza vitabu vilikuwa vimekwisha, vimekuwa vifuko. Ya tatu alikuwapo mama mmoja mtu mzima, ana koroboi na sinia la karanga, na kitabu hiki kiko magotini mwake kimefunguka katikati. Karatasi mbili alikwishazichana, karanga zimefungwa na zimeuzwa. Nilipotoa hela akakataa. Akaniambia, "Hela haifungi karanga, mwanangu. Niletee magazeti." Kesho yake nikampelekea furushi la magazeti kutoka kazini.

Nimeeleza yote haya ili atakayekipokea ajue anashika nini. Na masharti yangu ni haya: ukisome ndani ya miezi miwili, ukimaliza andika nyuma ya jalada jina lako la humu jukwaani, mji na tarehe, kisha umpe mwingine. Kisirudi kwangu.

kijana_wa_Sabasaba
Dada kwanza pole, japo ni miaka mingi. Swali langu: kwa nini usikipige picha ukakiweka PDF hapa tukasoma wote? Tuko wengi.

Bint Ngamiani
Ahsante mdogo wangu. Kitabu hiki kinapatikana, Mkuki na Nyota wamekichapa upya. Mimi mwenyewe nimewanunulia wanangu, kila mmoja nakala yake mpya safi. Anayetaka maneno tu, maneno yapo dukani, na wachapaji wanaoendelea kuvishika vitabu vya Kiswahili tuwaache wapate chao. Ninachokitoa mimi ni hiki kimoja, chenye penseli ya baba yangu ndani.

Fundi Saa
Bi dada, nakusihi usikitoe. Nasema kwa uchungu. Mimi nilimpa rafiki yangu kitabu nilichokipenda kuliko vyote, akaniapia wiki mbili. Leo ni mwaka wa kumi na moja. Si kwamba ni mwizi, kilipotelea kwake tu, hata yeye hajui. Kitu chenye mwandiko wa mzazi hakitembezwi. Kama umechoka kukitunza, kipeleke maktaba ya mkoa hapo Tanga, watakigonga muhuri kitakaa salama.

Bint Ngamiani
Kaka Fundi, nimekuelewa na sikuchukulii vibaya. Maktaba nilishaifikiria sana. Lakini anayeingia maktaba tayari ni msomaji. Mimi namtaka yule ambaye hatoingia. Na wewe ulimpa rafiki ukingoja kirudi, ndiyo maana kila mwaka unaopita unakuuma. Mimi sikingoji.

Kuhusu penseli, niseme ukweli wote maana nisipousema nitakuwa nimeficha. Ndani ya kitabu kuna *Hati*, wasia wa mashairi ambao Shaaban Robert alimwandikia binti yake Mwanjelwa. (Mwanawe Hussein naye ana wake, *Adili*.) Pembeni mwa *Hati*, baba ameandika kwa penseli jina langu na tarehe niliyozaliwa. Hakuwahi kuniambia. Alikuwa mtu wa maneno machache sana, hata kunisifu hakunisifu nilipofaulu. Nimeukuta ukurasa huo yeye akiwa kaburini.

Nimeusoma mpaka umelainika kama kitambaa. Kinachoniuma ni kwamba mimi nikiondoka, kitaingia boksi, na boksi litatoka mlangoni kama lile la kwanza. Nimeshaona vitabu vya marehemu vinakokwenda.

Mwalimu wa Kisauni
Dadangu, salaam kutoka Mombasa. Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika.

Kwanza nataka kuuliza jambo la kitaaluma, unisamehe. Hiki kitabu kwa kawaida tunakiita tawasifu, kwani mtu anasimulia maisha yake. Lakini kila nikikisoma nahisi nasoma insha. Hafuati miaka kwa mpangilio kama mwandishi wa tawasifu anavyotarajiwa. Anachukua jambo moja, ndoa, kazi, malezi, uzee, analigeuzageuza, analiona hivi na vile, kisha anatia shairi pale nathari inapomshinda. Huyu ndiye aliyeandika *Kielezo cha Insha*, kilichotolewa kule Johannesburg mwaka 1954 na chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Alijua anachofanya.

Nalisema hili kwa sababu nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka ishirini na kitu. Kwetu Kenya insha ilikuwa karatasi ya mtihani mpaka KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilipofanywa kwa mara ya mwisho 2023. Mtoto alijua insha ni methali ya kufungulia, tamathali tano, na "nilipigwa na butwaa". Nimesahihisha maelfu ya watoto waliopigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kuniandikia kwamba mama yake alikufa na yeye hajui aanzie wapi. Na ningemkata alama kama angeandika, kwa sababu muundo haukuruhusu. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Mtu mzima aliyeishi Tanga na Pangani alikuwa ameshatuonyesha kwamba insha ni mahali mtu anapokaa na nafsi yake akaiuliza maswali, nasi tukaifanya chombo cha kupimia methali.

Sasa hizo karatasi mbili zilizokosekana. Ninayo nakala ya toleo la baadaye. Kurasa hazitalingana na zako, kwa hivyo niambie neno la mwisho kabla ya pengo na neno la kwanza baada yake. Nitakunakilia kwa mkono.

kijana_wa_Sabasaba
Mwalimu si upige picha tu kwa simu?

Mwalimu wa Kisauni
Naweza, mwanangu. Ila nikinakili kwa mkono nitakuwa nimesoma kila neno mara mbili, na nafikiri karatasi zilizofungia karanga zinastahili angalau hilo.

Bint Ngamiani
Mwalimu, umenitoa machozi na niko kituo cha kazi. Pengo liko mwanzoni mwa sehemu ya pili, ile ya baada ya miaka hamsini. Nimekutumia pembeni picha za ukurasa wa kabla na wa baada.

Kwa wasiokijua kitabu: sehemu ya kwanza ilitoka peke yake mwaka 1949, alipokuwa na miaka arobaini, maana alizaliwa Januari 1909. Sehemu ya pili ni ya mtu aliyevuka hamsini. Alifariki Juni 1962, na sehemu zote mbili zikatoka katika jalada moja 1966, miaka minne baada ya kuzikwa pale Machui. Kwa hiyo ukifika sehemu ya pili unamsoma mtu anayeuhesabu umri wake, anajipima, anaangalia mbele. Wewe msomaji unajua kilichobaki hakifiki hata miaka minne. Yeye hajui. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje uani nikasimama.

Na sura ya Amina, mkewe. Kazi yangu inanikutanisha na vifo, nimewashika mikono watu wengi. Kabla ya kusoma pale nilikuwa nikiwaambia wafiwa maneno yale ya kawaida, "jikaze", "kazi ya Mungu". Tangu nisome namna mtu mzima mwenye heshima zake alivyomlilia mke wake hadharani, kwa nathari kisha kwa shairi, bila kujificha nyuma ya uanaume, nimeacha kumwambia mwanamume yeyote ajikaze.

Afisa Mifugo
Dada Bint Ngamiani, naomba niwe wa kwanza kukipokea. Sababu yangu ni hii: mimi ni afisa mifugo, niko Mpwapwa. Shaaban Robert baada ya kuacha idara ya forodha alihamia idara ya mifugo, kati ya 1944 na 1946, na alikuja huku huku. Kituo cha utafiti wa mifugo kipo mpaka leo, napita getini kwake kila wiki. Nimesoma *Kusadikika* shuleni, sikuwahi kujua kwamba aliyekiandika aliwahi kuwa karani mji huu. Hakuna aliyetuambia.

Kitume kwa basi mpaka Dodoma, nina mtu wa kukichukua stendi. Kutoka hapo kitapitia Mbande na Kongwa kunifikia.

Fundi Saa
Kama ni Mpwapwa sawa. Huko kinarudi kwa mwenyewe. Lakini bado moyo wangu unasita.

Bint Ngamiani
28 Februari

Karatasi za Mwalimu zimefika kupitia mpakani Horohoro, kwa dereva anayemfahamu. Kurasa zangu nne za kitabu zimekuwa saba za mistari, wino wa buluu, mwandiko wa mwalimu wa zamani, herufi zimelala upande mmoja zote. Mwishoni ameandika: "Imenakiliwa Mombasa, ili isomeke Tanga na kwingineko." Nimezishona mahali pake kwa uzi wa hospitali.

Nimesoma zile kurasa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Sitasema zimesema nini. Asubuhi hii nimekipeleka kitabu stendi, nimekifunga kwenye kanga halafu mfuko wa sandarusi, nimeandika "KITABU" pande zote mbili. Karani wa vifurushi aliniuliza thamani yake aandike kwenye risiti. Nilikaa kimya kidogo. Akaandika elfu tano.

Afisa Mifugo
2 Machi

Kimefika salama. Kanga nitakurudishia dada.

Bint Ngamiani
Kanga iende nacho.

Afisa Mifugo
19 Aprili

Wakuu, nimechelewa kuleta mrejesho kwa sababu nilikisoma polepole, na mara ya pili tena.

Nilidhani nitakuta mji wangu umeelezwa, nikajiandaa kutafuta mitaa. Kumbe kilichonishika ni safari yenyewe. Mtu ametoka Pangani, pwani, bahari iko mlangoni, anahamishiwa bara kwenye vumbi na ng'ombe, tena ni mfiwa. Mimi pia nililetwa huku kwa uhamisho, kutoka Kilwa. Nimekaa miaka sita nikihesabu siku za kuondoka. Sikuwahi kuiona Mpwapwa kama mahali ambapo mtu anaweza kukaa akafikiri. Niliiona kama adhabu. Sasa jioni napanda kule upande wa milima naiangalia, na najua kuna mtu aliyewahi kuikalia akiwa na huzuni kubwa kuliko yangu na bado akaandika.

Jambo la pili. Mke wangu amejifungua binti mwezi Januari. Usiku mmoja mtoto alikuwa halali, nikawa namsomea *Hati* kwa sauti huku nimembeba begani, kitabu mkono mmoja. Utenzi una mwendo wake, ukiusoma kwa sauti mwili wenyewe unayumba. Akalala. Nikageuza ukurasa nikaona jina la Bint Ngamiani kwa penseli, na tarehe. Nikajihisi nimeingia chumba cha mtu bila kubisha hodi. Nilikifunga siku mbili sikukigusa.

Dada, nina ombi na ukikataa sitanung'unika. Naomba ruhusa niandike jina la binti yangu chini ya lako. Kwa penseli.

Mwalimu wa Kisauni
Subhanallah.

Bint Ngamiani
Andika. Andika jina na tarehe, kama baba alivyofanya. Na kila atakayekuwa nacho, kama ana binti, aandike. Nilikuwa sijui kwa nini hasa nataka kitoke nyumbani, niliwapa sababu za boksi na mchwa. Nadhani ni hii.

Karafuu77
Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, nna miaka ishirini na nane huku, asili Unguja. Nafuata uzi huu tangu mwanzo kimya kimya. Mwezi wa sita nakuja likizo nyumbani, wiki tano. Kama Afisa Mifugo hajampa mtu naomba kiletwe Dar, ndugu yangu atakivusha na boti, nitakisoma kwa mama pale Malindi ya Unguja. Sina mtoto. Nitakisoma tu.

Afisa Mifugo
Chako, bibi. Nitakituma wiki ijayo, pamoja na kanga.

Karafuu77
7 Julai

Nshamaliza, naandika nikiwa bado Unguja, kesho kutwa narudi.

Mama yangu haoni vizuri tena. Nilikuwa nikimsomea baada ya alasiri, barazani. Yeye alikuwa akinikatiza kila mara. Nikisoma kuhusu ukarani wa forodha ananieleza forodha ya zamani ya hapa, mizigo ya karafuu, watu aliowajua. Kurasa tatu zilituchukua mchana mzima. Mwanzo nilikuwa na pupa, nahesabu siku zangu za likizo. Baadae nikaelewa kwamba kitabu kile kilikuwa kinanisomesha mama yangu. Miaka yote namsikia kwenye simu, "hatujambo, mvua imenyesha, fulani kaolewa". Mambo aliyonambia wiki hizi nne sikuwahi kuyasikia.

Nilimuuliza aliwahi kumsikia Shaaban Robert. Akasema yule si ndo aliyeandika habari za Siti binti Saad. Ndiye. *Wasifu wa Siti binti Saad*. Basi hapo akaimba kidogo, na baraza nzima ikanyamaza.

Sina binti wa kumwandika. Nimeliandika jina la mama, tarehe hatujui ila mwaka, kwa sababu na yeye ni binti wa mtu, na baba yake hakujua kuandika. Natumai sijavunja sharti.

Bint Ngamiani
Hujavunja, dada yangu. Msalimie bi mkubwa sana, mwambie mtu wa Tanga amesoma na amemshika mikono.

kijana_wa_Sabasaba
Nimenunua nakala yangu leo. Mpya. Nimeanza na sehemu ya pili kwa makusudi, nikijua anayo miaka michache. Dada ulisema kweli, unasoma kwa namna nyingine kabisa.

Fundi Saa
Naomba kinachofuata kije kwangu, kama hakuna aliyetangulia. Niko Moshi. Sina maelezo marefu.

Karafuu77
Kitavuka kesho asubuhi na ndugu yangu, atakipandisha basi la Moshi. Nimekitia udi kidogo, unisamehe kama harufu itakukera.

Fundi Saa
11 Julai

Kimefika. Harufu haijanikera.

Fundi Saa
30 Agosti

Nimemaliza jana. Nilikuwa nasoma kibandani, kati ya mteja na mteja, chini ya taa ya kazi. Kila mteja akaniuliza nasoma nini, na wawili wakavuta stuli.

Bi dada, baba yako alifanya kazi reli ya Tanga, na reli ile inapita Korogwe, Mombo, Same, inafika huku kwetu Moshi. Inawezekana kabisa mkono wake uliandika hati za mizigo iliyoshuka hapa nikiwa mtoto. Nilikuwa nakwenda stesheni na mjomba wangu kupokea magunia. Nimelifikiria sana hilo.

Mgongo nimeushona upya, nimetumia sindano ya ngozi na uzi wenye nta, hautaachia tena. Plasta yako nimeiacha palepale, nimeshonea juu yake. Karatasi za Mwalimu nimezikata kingo zilingane ili zisichanike zikigeuzwa.

Ukurasa wa *Hati* sasa una majina manne. Niliichonga penseli mara mbili kabla ya kuandika la kwangu. Lina tarehe mbili, ya kuja na ya kuondoka. Alikuwa na miaka tisa. Ni mara ya kwanza naliandika jina lake tangu ile siku ya kujaza cheti.

Bint Ngamiani
Kaka yangu.

Mwalimu wa Kisauni
Tuko nawe, Fundi.

Afisa Mifugo
Pole sana mzee wangu. Nimemwambia mke wangu, naye anakupa pole.

Fundi Saa
Ahsanteni. Kitabu kiko mezani kwangu, kimefungwa kwenye kanga. Nani anafuata?

Mama wa Ujiji
Mimi. Kigoma. Ni mbali najua. Njoo pembeni nikupe jina la mtu wa kukipokea stendi.